Je, Binti Hurithi Machozi ya Mama Yake?

Liko swali la zamani sana ambalo watu wa kila taifa wameliuliza, wala hata leo halijapata kuzeeka. Je, mtoto aweza kuumwa na jeraha ambalo hakulipata yeye mwenyewe? Mwanamke aona vita, au aonewa na mume mkali, au amwacha mwana wake njiani. Kisha avuka bahari, apata nyumba njema katika nchi ya amani, na huko azaa binti. Binti huyu hakuona moshi, hakusikia mizinga, hakulala njaa hata siku moja. Hata hivyo amekua na hofu isiyo na jina. Hofu hii imetoka wapi? Tena liko swali la pili, gumu kuliko la kwanza: Je, yampasa mama amwambie binti yake mambo yaliyompata, ama yampasa kunyamaza ili mtoto apate usingizi?

Twaliuliza swali hili kwa kuwa si la wasomi tu. Kila mtu aliyezaliwa na mama aliyeteswa atalikuta mlangoni pake. Sisi wenyewe, ambao kazi yetu ni kukaa na wenye huzuni, tuliwahi kumwambia mjane mmoja, "Mama, hayo yamekwisha kupita, yaache, usiwasumbue watoto." Tulidhani tunampa shauri jema. Lakini baada ya kusoma vitabu tutakavyovitaja hapa, hatuna hakika tena. Ndiyo maana tumeshika kalamu.

Vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza na wanawake wawili wa ukoo wa Kichina, wote wawili wazaliwa wa California katika Marekani. Wa kwanza ni Maxine Hong Kingston. Kitabu chake The Woman Warrior, yaani Mwanamke wa Vita, kilitoka mwaka 1976, na humo amechanganya habari za nyumba yao na mambo ya kubuni, hata msomaji asiweze kuuona mpaka ulipo. Wa pili ni Amy Tan, aliyezaliwa mwaka 1952 katika mji wa Oakland. Huyu ametunga hadithi ndefu kadhaa, nasi tutazitumia tatu: The Joy Luck Club ya mwaka 1989, The Kitchen God's Wife ya mwaka 1991, na The Bonesetter's Daughter ya mwaka 2001.

Labda msomaji atauliza, Kwa nini tujifunze kwa hadithi za kutungwa, na mambo ya kweli yapo tele? Twajibu kwamba hadithi hizi zina mizizi katika mambo ya kweli. Baba yake Amy Tan alikuwa fundi wa mitambo ya umeme na mchungaji wa Kibatisti. Mama yake, Daisy, alikimbia Uchina mwaka 1949, akiacha nyuma binti watatu aliowazaa na mume wa kwanza aliyemtesa. Amy hakujua kwamba ana dada hao mpaka alipokuwa kijana, baada ya baba yake na kaka yake mkubwa kufa wote wawili kwa uvimbe wa ubongo. Na nyuma zaidi yuko bibi yake mzaa mama, mjane aliyefanywa suria, ambaye alijiua kwa afyuni wakati Daisy alipokuwa mtoto wa miaka 9. Mwaka 1987 Amy alisafiri pamoja na mama yake mpaka Uchina, akaonana na dada zake. Basi aliyeandika hadithi hizi hakuokota huzuni ya watu wengine njiani. Aliikuta nyumbani kwao, imefungwa sandukuni.

Tuanze na jambo moja la historia, maana litatusaidia kufahamu mengine. Katika Uchina, kwa muda wa miaka kama elfu moja, wasichana wengi walifungwa miguu. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitano au sita, vidole vyake vilikunjwa chini ya wayo, vikakazwa kwa vitambaa virefu siku kwa siku, hata mifupa ikavunjika na mguu ukabaki mdogo kama ngumi. Sasa tazameni ni nani aliyekaza vitambaa vile. Si adui, wala si mgeni. Mara nyingi alikuwa mama mzazi, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa ikimwuma. Alikumbuka vema jinsi alivyolia yeye. Akasikia kilio cha mtoto wake, wala hakulegeza kitambaa. Kwa nini? Kwa kuwa alimpenda. Alijua kwamba msichana mwenye miguu mikubwa hatapata mume katika nyumba njema, naye atadharauliwa maisha yake yote. Hapo twaona njia moja ambayo maumivu huirithisha: hayakupita katika damu, yalipita katika mikono ya mama apendaye, mwenye kuiogopa kesho. Adui akitutesa, twajua kumkimbia. Lakini nani atamkimbia mama yake?

Sasa tuingie katika hadithi zenyewe. Katika The Joy Luck Club wako mama wanne na binti wanne. Mama wote walizaliwa Uchina, na binti wote wamekulia San Francisco. Mama husema Kichina, pamoja na Kiingereza cha kukatakata. Binti wamezoea Kiingereza, na Kichina chao ni kidogo. Kwa hiyo hata neno linaposemwa mezani, nusu yake huanguka njiani kabla ya kufika.

Kitabu chaanza na kifo. Bibi Suyuan Woo amefariki ghafula, na binti yake Jing-mei aitwa kukaa mahali pake katika mchezo wa mah jong, ambao mama hao wanne wameucheza pamoja kwa miaka mingi. Chama hiki Bibi Suyuan alikianzisha kwanza katika mji wa Kweilin, wakati wa vita vya Wajapani. Mji ulikuwa umejaa wakimbizi, na mabomu yalianguka. Lakini wanawake wanne vijana walikutana kila juma, wakapika walichoweza kupata, wakacheza, wakacheka, wakasimuliana hadithi njema. Watu waliwalaumu: Mwawezaje kucheka siku za msiba? Lakini wao waliona kwamba kukaa na kukingoja kifo kwa uso wa huzuni ni kufa kabla ya siku yako. Tutalirudia jambo hili.

Mwaka 1944 Wajapani walipokaribia, Bibi Suyuan alikimbia kwa miguu kuelekea Chungking, akiwachukua watoto wake wawili mapacha, wasichana wachanga. Njiani alitupa mzigo mmoja baada ya mwingine. Akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, nguvu zikamwishia. Mwisho aliwaweka watoto kando ya njia, akatia vito na fedha katika nguo zao, akaandika majina yao nyuma ya picha ili mtu awarudishe, akaenda zake akidhani kwamba atakufa, na kwamba afadhali wao wapate kuokotwa. Hakufa. Alifika Chungking, akakuta mumewe amekwisha kufa. Baadaye aliolewa tena, akaenda Marekani mwaka 1949, akamzaa Jing-mei. Akaendelea kuwatafuta wale wawili kwa barua, kwa siri, maisha yake yote. Jibu lilifika baada ya yeye kuzikwa.

Je, Jing-mei alirithi nini katika hayo? Mama yake alimsimulia habari za Kweilin mara nyingi, kila mara kwa mwisho mwingine, kama ngano ya kulalia. Siku moja tu alitaja watoto, wala hakumaliza. Wakati huohuo alimsukuma binti yake awe mtoto wa ajabu: ajue miji yote, apige kinanda kuliko wote. Mtoto hakuelewa kwa nini hatoshi. Hata siku moja, katika hasira ya kitoto, alimpigia mama kelele kwamba atamani angekuwa amekufa kama wale watoto wa Uchina. Mama akanyamaza, uso wake ukawa mtupu, akatoka chumbani. Twaona hapa jambo la kutisha. Mtoto hakujua lile jeraha, lakini mkono wake ulifika palepale kama mtu aokotaye kisu gizani. Na mama, bila kujua, alikuwa amemtwika mtoto mmoja tumaini la watoto watatu. Waswahili husema kimya kina mshindo mkuu. Mshindo huo Jing-mei aliusikia tangu utoto, ila hakujua watoka wapi.

Tumtazame mama wa pili, Bibi An-mei Hsu. Mama yake alikuwa mjane mwenye heshima, aliyenajisiwa kwa hila na tajiri mmoja, kisha akalazimika kuwa suria wake. Jamaa zake wakamfukuza, wakakataza jina lake lisitajwe. Mwishowe mama huyo akanywa sumu, akichagua siku yake kwa makusudi, karibu na mwaka mpya, ili yule tajiri aiogope roho yake itakaporudi, aahidi kuwatunza watoto wake. Basi An-mei alijifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba mama yake alivumilia mpaka kufa, na kwamba yeye mwenyewe aweza kupiga kelele.

Wachina wana usemi wa "kula uchungu", maana yake kustahimili taabu bila kunung'unika. Sisi nasi twasema mvumilivu hula mbivu. Usemi wote mawili ni wa kweli, lakini kila mmoja una hatari yake, maana yuko mwenye kula uchungu miaka yote asiifikie ile mbivu. Bibi An-mei alikusudia kumlea binti yake Rose kwa njia nyingine kabisa. Hakumfundisha kumeza machozi. Lakini Rose alipokuwa mtu mzima, mumewe akitaka kumwacha, hakuweza kusema ndiyo wala siyo. Alikaa kitandani siku tatu kama mtu asiye na mapenzi yake mwenyewe. Mama akastaajabu: Mimi nilifundishwa kutotaka kitu; huyu sikumfundisha hivyo, naye ametoka vilevile! Jibu la fumbo hili, kwa kuona kwetu, ni kwamba mtoto hajifunzi maneno ya mama peke yake. Hujifunza jinsi mama anavyoshusha pumzi mlango ukigongwa.

Hapa pana jambo moja linalotuhusu sisi watu wa kanisa. Bibi An-mei na mumewe walikuwa wa ushirika wa Kibatisti wa Kichina, naye alichukua Biblia yake nyeupe kila Jumapili. Mtoto wake mdogo, Bing, wa miaka minne, alikufa maji baharini. Baada ya siku ile Biblia iliwekwa chini ya mguu wa meza ya jikoni, ili meza isiyumbe, na mama akasema si kitu. Lakini Rose atuambia kwamba baada ya miaka mingi sakafuni Biblia ile ilikuwa bado safi. Tena alipoifungua aliona jina la Bing katika ukurasa wa waliokufa, limeandikwa kwa kalamu ya risasi iwezayo kufutika. Ndugu makatekista, mkiona Biblia chini ya meza, msifanye haraka kuhukumu. Tazameni kwanza kama ina vumbi.

Wa tatu ni Bibi Ying-ying St. Clair, na huyu ndiye atuonyeshaye bei ya kunyamaza. Alizaliwa katika utajiri, akaolewa na mtu mwovu aliyemwacha kwa ajili ya wanawake wengine. Naye kwa chuki akaiua mimba ya mwana wake. Baadaye aliolewa na Mmarekani mpole, lakini hakumwambia neno. Alikaa nyumbani mwake kama kivuli. Binti yake Lena alikua akiogopa mambo mabaya yasiyoonekana, na alipoolewa, alipata mume ahesabuye kila senti kati yao, naye hakuthubutu kusema kwamba jambo hilo lamwumiza. Mama aiangalia ndoa hiyo na kuona kwamba binti hana nguvu kwa sababu yeye, mama, hakuwa nayo ya kumpa. Ndipo akakusudia kumweleza yote. Si kwa kuwa ataka kulia mbele ya mtoto, bali kwa kuwa ndani ya maumivu yale imo hasira njema, nguvu aliyozaliwa nayo, ambayo aliizika pamoja na aibu. Ukizika aibu na nguvu katika kaburi moja, mtoto hatapata hata moja.

Na wa nne, Bibi Lindo Jong, atukumbusha kwamba binti hawarithi machozi tu. Aliposwa akiwa na miaka miwili, akaolewa akiwa na miaka 16 katika nyumba isiyompenda. Hakutaka kuivunja ahadi ya wazazi wake, wala hakutaka kufa humo. Akatumia akili, akawafanya wakwe zake waamini kwamba mababu wenyewe wameikataa ndoa ile, hata wao ndio waliomwacha aende. Binti yake Waverly hakuipata hofu ya mama. Aliipata akili ile, akawa bingwa wa mchezo wa sataranji angali mtoto.

Basi je, mama na aseme? Baada ya hayo tungeweza kujibu mara moja, Ndiyo, aseme yote. Lakini tusifanye haraka, maana kitabu cha Maxine Hong Kingston chatuonya. Chaanza na mama amwambiaye binti yake habari za shangazi mmoja, dada ya baba. Mume wa shangazi yule alikuwa amekwenda Marekani miaka kadhaa. Kisha mke akaonekana ana mimba. Wanakijiji wakaivamia nyumba usiku, wakavunja vyombo, wakachinja mifugo. Yule mwanamke akazaa peke yake usiku uleule, na asubuhi akakutwa kisimani pamoja na mtoto, wote wamekufa. Jamaa wakamfuta kama kwamba hakuzaliwa. Na mama aliisimulia habari hii lini? Siku binti alipovunja ungo. Na kwa sababu gani? Ili amtishe, asiwaaibishe. Tena akamkataza asimwambie mtu.

Hapo mama amesema, wala hakumfungua binti yake, amemfunga. Neno lake lilikuwa kitambaa kingine cha kukaza mguu. Kwa hiyo twafahamu kwamba si kila kusema ni dawa. Mama aweza kuwapa watoto habari ya maumivu kama mtu atoaye taa, au kama mtu ashikaye fimbo. Binti wa hadithi ile alikaa miaka mingi akitii katazo, na kwa kukaa kimya akajiona kuwa mmoja wa wale waliomwadhibu shangazi. Mwisho aliandika. Hakulijua jina la shangazi yake, lakini alikataa kuwa wa mwisho kumsahau.

Jambo lingine laonekana katika The Bonesetter's Daughter. LuLing alilelewa na mlezi asiyeweza kusema, ambaye uso na kinywa chake vilikuwa vimeungua. Mlezi huyo alimwandikia msichana karatasi nyingi. Msichana alizisoma kwa hasira, hakufika mwisho. Na mwisho wake ndio uliosema, Mimi ndimi mama yako. Mama yule akajiua, na LuLing akaishi miaka yote akidhani kwamba ukoo wake umelaaniwa. Baadaye, katika California, LuLing naye alimwandikia binti yake Ruth habari zake kwa Kichina, naye Ruth akaziweka katika mtoto wa meza kwa kuwa kuzisoma kulikuwa kazi. Mama alipoanza kupoteza kumbukumbu ndipo binti alipotafuta mtu wa kuzifasiri. Tazama: mara mbili mama amesema, na mara mbili binti hakusoma. Twawalaumu wazazi kwa kunyamaza, nayo ni haki. Lakini sisi watoto je? Ni mara ngapi mzee ameanza habari, nasi tukatazama saa?

Na kitabu cha mwisho chaingia ndani ya nyumba ya mchungaji. Katika The Kitchen God's Wife, Bibi Winnie Louie ni mjane wa mchungaji wa kanisa la Wachina San Francisco, mtu mwema aliyependwa. Lakini kabla yake, katika Uchina, Winnie aliteswa na mume wa kwanza, rubani aliyeitwa Wen Fu. Tena hana hakika kama binti yake Pearl ni wa mchungaji, au ni wa Wen Fu aliyemtenda jeuri mara ya mwisho. Amekaa na neno hilo zaidi ya miaka 40. Mchungaji alipokufa, Pearl mwenye miaka 14 alikataa kulia, akasema kwamba mtu yule jenezani si baba yake, maana ugonjwa ulikuwa umembadili uso. Mama akampiga kofi. Twaweza kufahamu jinsi neno lile lilivyomchoma. Lakini mtoto alijua nini? Alipata kofi tu.

Pearl naye alipokuwa mtu mzima alishikwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akamficha mama yake kwa miaka saba, ili asimhuzunishe. Basi wako wawili, kila mmoja akimlinda mwenziwe, na kwa kulindana hivyo wamekuwa wageni. Mficha maradhi, kifo humfichua. Hatimaye rafiki wa zamani awalazimisha kusema. Mama amwambia binti kila kitu, hata lile la Wen Fu. Na binti, badala ya kuvunjika, naye asema siri yake. Mama hakulia; alikasirika, akaanza mara moja kutafuta dawa. Twaona kwamba yule binti aliyedhaniwa kuwa dhaifu aliweza kuupokea ukweli, na yule mama aliyedhaniwa kuwa mzee alikuwa na nguvu tele. Tena swali la damu ya Wen Fu halikujibiwa kwa ushahidi. Lilijibiwa na maisha: Pearl amelelewa na mtu mwema, na wema wa mlezi ni urithi kama damu ilivyo urithi, pengine kuupita. Ezekieli alipowazuia watu wa siku zake wasiseme kwamba meno ya watoto yameharibika kwa zabibu walizokula baba zao, hakukana kwamba watoto huumia. Alikana kwamba wamefungwa wasiweze kutoka.

Wataalamu wa siku hizi nao wamechunguza habari hizi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watu wa Wuhu katika jimbo la Anhui ulionyesha kwamba wale waliokuwa tumboni wakati wa njaa kuu ya Uchina, mwaka 1959 mpaka 1961, walipokuwa watu wazima walipatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia karibu mara mbili kuliko wengine. Basi taabu ya mama yaweza kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Lakini kwamba huzuni yenyewe hupita katika mwili hata kwa wajukuu, jambo hilo kwa wanadamu wataalamu wangali wanabishana. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia binti, Wewe umekwisha haribika kwa ajili ya mama yako. Hilo halijathibitishwa, na kulisema ni ukatili.

Yatupasa pia kutoa onyo moja. Mwandishi Frank Chin, naye wa ukoo wa Kichina katika Marekani, amewalaumu sana Kingston na Tan, akisema kwamba wamezigeuza ngano za Wachina na kuwaonyesha wanaume wa Kichina kuwa wabaya tu mbele ya wasomaji wa kizungu. Hatuwezi kulitupa neno hili. Msomaji asidhani kwamba amelijua taifa lote kwa kusoma nyumba nne. Lakini kosa la kuchukua nyumba chache kuwa taifa zima ni la msomaji kuliko la mwandishi, na machozi ya nyumba chache ni machozi ya kweli.

Sasa na tukusanye tuliyoyaona. Kwanza, jeraha la mama humfikia binti, asemapo na anyamazapo. Hakuna mlango wa kulizuia. Iko namna tu ya kulipitisha. Pili, mama na aseme, lakini aseme ili kumpunguzia binti mzigo, si kumtisha. Na angoje mpaka mtoto awe na umri wa kuchukua. Tatu, asisimulie kidonda peke yake. Asimulie na jinsi alivyosimama. Wanawake wa Kweilin hawakuacha hofu tu, waliacha na meza ambayo watu huicheka hofu. Jing-mei alipokwenda Uchina na baba yake, akasikia habari yote mpaka mwisho, kisha akawaona dada zake wawili uwanjani Shanghai, hakupokea msiba mwingine. Alipokea jamaa.

Nne, mama na binti peke yao hawatoshi. Turudi katika ile miguu. Katika miaka ya 1870, katika mji wa Amoy, mmisionari John Macgowan aliwakusanya wanawake Wakristo wa Kichina waahidi kutofunga miguu ya binti zao. Baadaye wasomi wa Kichina nao walianzisha vyama vyao, na ahadi ya vyama hivyo ilikuwa na sehemu mbili: hatutafunga miguu ya binti zetu, wala hatutawaoza wana wetu wasichana waliofungwa miguu. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyokuwa na hekima. Maana mama mmoja akilegeza kitambaa peke yake, binti yake ataaibishwa. Lakini mama wa wavulana wakiahidi pamoja naye, hofu yake haina chakula tena. Amri ya mwaka 1902 na sheria ya mwaka 1912 zilifuata, na desturi iliyodumu miaka elfu ikadhoofika kwa vizazi viwili au vitatu. Basi urithi wa maumivu waweza kukatika, ila haukatwi na mtu mmoja.

Na sisi tuliomwambia yule mjane anyamaze, tulifanya nini? Tulimrudishia mzigo wake, tukauita amani. Angali hai. Tukipita tena nyumbani kwake hatutamhubiria. Tutamwomba radhi kwanza, kisha tutasema, "Mama, ukipenda kutusimulia, tuna nafasi, na watoto wako sasa ni watu wazima, labda nao wamengoja siku nyingi." Kisha tutakaa kimya, zamu hii sisi.